Memtest86+: kipimo cha RAM kwa kompyuta inayozima ovyo

Kompyuta ikileta skrini ya bluu kila mara, na kila mara ujumbe ni tofauti, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndiyo mshukiwa wa kwanza. Memtest86+ ni programu ya bure inayoipima bila kupitia Windows: unaiweka kwenye flashi (vilivyomo vitafutika vyote), unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, nayo inaanza yenyewe. Ikigoma kuwaka, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambuliwa kuwaka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta.

Iache usiku kucha. Mzunguko mmoja hautoshi, maana RAM mbovu huweza kupita salama ikiwa ya baridi na kukosea ikishapata joto. Makosa huonekana kwa rangi nyekundu, na hata kosa moja ni tatizo. Hakuna cha "dogo tu". Yakitokea, kwanza zima XMP (mpangilio wa BIOS unaoongeza kasi ya RAM) na upime tena, kwani mara nyingi RAM ni nzima ila inakimbizwa kuliko uwezo wake. Bado? Chomoa umeme, toa vijiti vya RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio laini, kisha pima kijiti kimoja kimoja kwenye tundu lile lile. Kijiti kinachopita kwenye matundu mengine kikikosea kwenye tundu moja tu, huenda ubovu uko kwenye ubao mama.

Kasoro yake: haigusi diski, kadi ya picha wala pawasaplai. Kompyuta inayozima ghafla wakati wa gemu, bila skrini ya bluu, ianzie kwenye pawasaplai na vumbi la feni.

Kwa bei ya sifuri, fundi asiyekuwa nayo mfukoni anabahatisha.