Zana Kongwe za Kuvulia na Jiko la Ufuoni: Kipi Kinunuliwe Kwanza Mombasa

Anayetaka kununua zana za zamani za kuvulia hapa Mombasa na achunguze kwanza maji ya chumvi yamezifanya nini, kwa maana jina kubwa lililochorwa ubavuni mwa rili, kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia, halizuii kutu. Vifaa vinavyotokea katika minada ya vyombo vya nyumba kule Nyali, katika mafungu ya mitumba ya Kongowea, au kwa mabaharia wa mashua za uvuvi wa kitalii za Mtwapa na Shimoni, vingi vimekaa miaka mingi katika hewa ya bahari bila kuoshwa. Kwa hiyo nimezipanga zana hizi kwa kigezo kimoja: ipi itampatia mnunuzi samaki wa kuchoma jioni ile ile bila kumfanya mtumwa wa vipuri.

Nafasi ya kwanza naipa mshipi wa mkono, hata kama wakusanyaji wa vitu vya kale watanuna. Ndiyo zana kongwe kuliko zote zitakazotajwa hapa, bado inatumika kila siku katika ngalawa na madau, na haina gia wala springi ya kuvunjika. Ukiuziwa kibao cha zamani cha kuzungushia mshipi, kile cha mti mgumu kilicholainishwa na mikono ya watu, kinunue kwa furaha, lakini uzi uliomo utupe. Nailoni hudhoofishwa na jua na umri hata ikiwa inaonekana nzima, na samaki ndiye atakayekuonyesha ilipodhoofika. Ndoana nazo zinunuliwe mpya, za chuma cha kawaida kinachooza, ili samaki akikata mshipi asibaki na chuma mdomoni maisha yake yote. Kwa changu na tafi wa ukubwa wa sahani, ndoana kati ya nambari 4 na 1/0 inatosha; anayemtafuta tewa miambani aongeze unene wa uzi na uzito wa chubwi, kisha avishe vidole vyake vipande vya mpira wa baiskeli.

Ya pili ni rili ya Penn Senator, hasa saizi ya 4/0 inayoitwa pia modeli 113. Kampuni ya Penn ilianzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na Senator ikatoka mwaka 1936. Tangu hapo muundo wake haukubadilika sana kwa miongo mingi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua, kwa kuwa rili iliyokufa inaweza kuifufua nyingine. Ni chombo cha mashua, cha kuteremshia chambo chini au kukokotea nyuma ukimtafuta nguru au kolekole. Anayevua akiwa amesimama mwambani ataona tabu kuirusha, na huyo aruke hadi nafasi ya tatu.

Kabla ya kutoa fedha, zungusha mpini polepole sana, kwani ukizungusha haraka, gia iliyokatika jino huficha kasoro yake. Kisha tazama mbavu za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, karibu na skrubu, maana nyufa huanzia hapo. Malengelenge kwenye kromu ni dalili kwamba shaba iliyo chini imeanza kuliwa. Machache si neno, lakini yakizunguka mguu unaofungwa kwenye fimbo, iache rili hiyo hata ukipunguziwa bei nusu. Kaza nyota ya breki, yaani kile kigurudumu chenye umbo la nyota kando ya mpini, shika kigurudumu cha uzi, uvute: breki ikishtuka-shtuka badala ya kuachia kwa ulaini, vile visahani vya ndani vimekauka na vitahitaji kubadilishwa. Hiyo ni kazi ndogo, na ni sababu nzuri ya kuomba kupunguziwa. Skrubu iliyoliwa kichwa ni tatizo zito zaidi, ingawa mafundi wa kukereza vyuma hawakosekani katika mji wa bandari.

Nafasi ya tatu inachukuliwa na rili za Mitchell, zilizotengenezwa Cluses, Ufaransa, na kampuni ya Carpano & Pons. Ile maarufu, 300, inafaa mikondo ya Tudor na Mtwapa yenye maji tulivu. Kwa bahari ya wazi afadhali 302, ambayo ni kubwa na iliundwa kwa kazi ya maji chumvi. Jambo moja wauzaji husahau kulisema: mpini wa 300 uko kushoto, na anayezungusha kwa mkono wa kulia anapaswa kutafuta 301.

Ambassadeur nyekundu za ABU, kutoka Svängsta, Uswidi, ni nzuri kwa macho kuliko rili zote nilizotaja, na ndiyo maana bei zake hupanda. Naziweka nne kwa sababu alumini na shaba zikikutana ndani ya maji ya chumvi huanza kulana, na mwenye rili hii lazima aioshe kwa maji yasiyo na chumvi na kuitia mafuta kila arudipo nyumbani.

Mwisho kabisa ziko fimbo za Kiingereza za vipande vya mianzi vilivyogandishwa kwa gundi. Unyevu wetu huzilegeza, na zinapendeza zaidi zikining'inia ukutani. Badala yake tafuta fimbo ya zamani ya faibagilasi. Ni nzito, lakini haiozi. Pitisha kitambaa cha soksi laini ndani ya kila pete yake ya kupitishia uzi: kikinasa, pete ina ufa, nao utakata uzi.

Fedha iliyobaki ni ya jiko. La kwanza kwangu ni seredani, au jiko lolote la mkaa lenye udongo ndani, kwa sababu hutunza moto hata upepo wa ufuoni ukivuma, na unaweza kuuongezea vifuu vya nazi vinavyotoa moto mkali wa kukausha ngozi ya samaki. Pipa lililopasuliwa katikati linafaa watu wengi, ila hula mkaa bila huruma. Mafiga matatu hayagharimu kitu, mradi usichome mbao zilizopakwa rangi wala kukata mikoko, ambayo inalindwa kisheria. Mtungi wa gesi ni wa siku za mvua.

Wavu wa kuchomea usiwe wa waya uliopakwa zinki, kwa kuwa ukipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Nunua wa chuma kitupu au cha pua. Upashe moto na uupake mafuta kabla ya kulaza samaki, ama ngozi yote itabaki hapo. Tafi apasuliwe mgongoni, atiwe chumvi, ndimu, thomu na pilipili, achomwe hadi karibu kuiva, ndipo apakwe tui zito lililochemshwa na ukwaju na bizari. Tui likiwahi mno huungua kabla nyama haijaiva.

Usisahau kisanduku cha barafu, ambacho wengi hukiona anasa. Jodari na nguru wakiachwa juani hutengeneza sumu isiyoondolewa na moto wowote, hata wakinukia vizuri. Na bunju akinasa, mrudishe majini. Hakuna jiko litakaloiondoa sumu yake. Uliza pia mipaka ya hifadhi ya bahari ya Mombasa kabla ya kutupa mshipi, kwani uvuvi umepigwa marufuku ndani ya eneo la mbuga yenyewe.