Tovuti za kupima shule: maoni ya mama anayetafuta wilaya ya shule pembezoni mwa Houston

Ukihamia vitongoji vya Houston, jimbo la Texas, na una mtoto wa shule, utaambiwa uingie GreatSchools, halafu Niche, halafu utabaki unajikuna kichwa. Mimi nimeshinda humo tangu mkataba wetu wa nyumba ulipokaribia kwisha. Maoni yangu kwa kifupi: GreatSchools naipa nyota tatu, Niche tatu na nusu, ripoti ya serikali ya jimbo nne, na kwenda shuleni mwenyewe siku ya kazi, watoto wakiwepo, nyota tano.

Dalali wetu ndiye aliyetutuma huko. Mume wangu alimuuliza bila kuzunguka: mtaa gani una shule nzuri na watu wa kwetu? Dalali akatabasamu, akasema, "Hilo siwezi kukujibu, ndugu yangu, ingieni mtandaoni muangalie wenyewe." Hakuwa mchoyo. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kuwaelekeza wateja mtaa huu au ule kwa sababu ya rangi yao au walikotoka, na madalali wengi wanaogopa hata kutaja kwamba shule fulani ni nzuri. Basi wanakuachia tovuti ikusemee. Na kwa kuwa alama za GreatSchools zinaonekana pia kwenye Zillow, tovuti ya matangazo ya nyumba, unajikuta unachagua shule kabla hujajua jikoni kuna madirisha mangapi.

GreatSchools ni shirika lisilo la faida, lipo tangu 1998, na linaipa kila shule namba kati ya 1 na 10. Ni rahisi kutumia, hilo silipingi. Unaweka anwani, shule zinatokea na namba zake, moyo unatulia au unadunda. Shida ni kwamba namba hiyo kwa miaka mingi ilitegemea zaidi matokeo ya mitihani, na matokeo ya mitihani Marekani yanafuatana sana na kipato cha wazazi. Mwaka 2019 gazeti la mtandaoni la Chalkbeat lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba alama hizo zinawasukuma wazazi mbali na shule zenye watoto wengi weusi na wa Kilatino. Mwaka uliofuata GreatSchools wakaanza kuupa uzito zaidi ukuaji, yaani mtoto alianzia wapi na amefika wapi. Kwa hiyo ukiingia, usiishie kwenye namba kubwa ya juu. Shuka mpaka kwenye ukuaji. Nimeona shule mbili zenye 6 zote, moja ukuaji wake uko juu kabisa, nyingine imelala, lakini kwenye tangazo la nyumba zinaonekana pacha.

Niche inatoa herufi, kama shuleni kwenyewe: A+, A, B. Kinachonivutia ni kwamba ina alama ya peke yake ya mchanganyiko wa wanafunzi, na ina maoni ya wazazi na wanafunzi. Yasome hayo maoni ukijua kwamba anayeandika ni aliyefurahi sana au aliyekasirika sana. Hata hivyo mwanafunzi wa sekondari akiandika kwamba basi linafika baada ya kengele kila siku, hicho ni kitu ambacho hakuna takwimu itakayokwambia.

Lakini tuongee kuhusu huo mchanganyiko, kwa sababu ndio uliotutoa usingizi nyumbani.

Binti yetu ni wa darasa la tatu. Shule aliyopo sasa, kusini-magharibi mwa Houston, ina watoto wa Nigeria, wa Vietnam, wa El Salvador, wa kila mahali, na hakuna anayemuuliza kwa nini jina lake linaanza na Mw. Hilo nataka alihamie nalo. Sasa tovuti inakuandikia: Weusi asilimia kadhaa. Weusi gani? Kwenye kisanduku hicho kimoja wamo Wamarekani ambao mababu zao wamekuwa hapa kwa karne nyingi, Mnigeria, Msomali, na binti yangu. Mtanzania mwenye asili ya Kihindi yuko kisanduku kingine, cha Waasia. Jirani yetu Mzanzibari mwenye asili ya Oman amekuwa akihesabiwa Mzungu miaka yote, jambo ambalo yeye mwenyewe hucheka mpaka anatoa machozi. Serikali kuu ilibadilisha utaratibu mwaka 2024 na kuongeza kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ila ofisi zake zimepewa mpaka 2029 kuutekeleza. Kwa hiyo chati ya duara yenye rangi nzuri inakwambia kitu, ila si kile unachodhani.

La pili ndilo kubwa zaidi. Chati inakuonyesha walio chini ya paa moja. Haikuonyeshi nani anakaa chumba kimoja na nani. Kwa hilo kuna chombo ambacho wazazi wachache sana wanakijua: takwimu za haki za kiraia za Wizara ya Elimu ya Marekani, zinazokusanywa tangu 1968. Zinachelewa miaka, ukurasa wake hauna mvuto wowote, lakini unaweza kuiandika shule yako na kuona, kwa kila kundi, wangapi wako kwenye programu ya wenye vipaji, yaani watoto wanaochaguliwa wafundishwe zaidi ya wenzao, wangapi wanasoma masomo ya juu ya sekondari, wangapi wamesimamishwa. Kuna shule moja niliipenda sana, Niche imeipa A ya mchanganyiko. Nikafungua takwimu hizo. Watoto weusi walikuwa karibu robo ya shule. Kwenye mstari wa wenye vipaji walikuwa kiduchu, na kwenye mstari wa waliosimamishwa wakajaa tele. Nikamwonyesha mume wangu, akasema, "Mama, funga hiyo kompyuta tulale." Tulilala, ila hatukusinzia.

Ripoti ya jimbo, wanaiita TAPR, naipa nyota nne kwa sababu ina vitu ambavyo tovuti za biashara zinavipitia juujuu. Wastani wa wanafunzi darasani kwa kila ngazi. Walimu wana uzoefu wa miaka mingapi, na wametoka makundi gani. Watoto wangapi walihama katikati ya mwaka. Ukikuta kinyota badala ya namba, maana yake watoto wa kundi hilo ni wachache kiasi kwamba kutaja idadi kungewafichua. Na kinyota hicho chenyewe ni jibu kwa mzazi kama mimi. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya herufi za A mpaka F zinazotolewa na jimbo. Za mwaka 2023 zilikwama mahakamani hadi 2025, na za 2024 zikatoka pamoja na za 2025 mwezi Agosti. Mzazi aliyehitaji kuamua katikati alikuwa anaangalia kioo kilichofunikwa shuka.

Kuhusu lugha niseme haraka. Siku ya kuandikisha mtoto utapewa karatasi inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Ukiandika Kiswahili, mtoto atapimwa Kiingereza. Usiogope na usidanganye. Texas inailazimu wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, kuwa na programu ya lugha mbili pale inapopata watoto 20 wa lugha moja, wa ngazi moja, wanaohitaji msaada wa Kiingereza. Watoto wa Kihispania wanafika hapo kirahisi. Wetu mara nyingi hawafiki, wanapewa somo la Kiingereza kwa wageni. Uliza ni nani analifundisha na wapi, maana kuna shule linafundishwa chumba kizuri na kuna shule linafundishwa kwenye korido.

Sasa majengo. Hapa nina ugomvi na wifi yangu. Yeye anaishi kitongoji ambacho sitakitaja, na kila Jumapili ni wimbo uleule: "Wifi, hamieni huku, ungeuona uwanja wetu wa mpira!" Nami namjibu, wifi, mwanangu ana miaka minane, uwanja wa nini? Texas wana ugonjwa wa viwanja. Allen, kitongoji cha Dallas, walifungua uwanja wa shule ya sekondari mwaka 2012 kwa dola milioni 60, viti 18,000. Zege likapasuka nyufa, ukafungwa 2014, ukafunguliwa tena 2015. Fedha hizo ni za mkopo wa majengo unaopigiwa kura na wananchi, na kisheria haziwezi kulipa mishahara ya walimu, kwa hiyo si haki kusema kwamba uwanja umekula mwalimu. Ila karatasi za kura hizo zinasomeka: tangu 2019 uwanja wa viti zaidi ya 1,000 lazima upigiwe kura peke yake, mbali na madarasa. Tafuta matokeo ya wilaya yako. Waliopitisha madarasa na kukataa uwanja wanakwambia habari zao, na waliopitisha vyote pia.

Picha za shule kwenye tovuti zote hizi hupigwa mbele, pale penye bendera na nyasi. Ziara yangu ya mwisho niliomba nipitishwe nyuma. Wakachukua leseni yangu, wakaipitisha kwenye mashine, wakanipa stika ya mgeni, tukaenda. Nyuma kulikuwa na vyumba vya muda vimejipanga, vya kuhamishika, na ngazi za mbao, kila kimoja na kiyoyozi chake kinanguruma ukutani. Madarasa yote ya tano yako huko. Mvua ikinyesha, na Houston mvua ni mvua, mtoto anakimbia nje kwenda chooni. Kwenye ukurasa wa wilaya hakuna picha hata moja ya vyumba hivyo. Maktaba ilikuwa nzuri kweli, vitabu vipya, zulia safi, na mlangoni kuna karatasi: imefungwa wiki hii kwa mitihani. Nikamuuliza aliyenitembeza mitihani inaichukua maktaba mara ngapi kwa mwaka. Akasema, "Mmh, mara nyingi." Nilipenda ukweli wake.

Bwaloni usipoteze muda kutafuta mchanganyiko. Shule za msingi huwakalisha kidarasa, na wengine wanakula saa nne na nusu asubuhi, hata njaa hawana. Nenda wakati wa mapumziko, uangalie nani anamrushia nani mpira. Mimi nilibahatika zaidi: nikiwa mlangoni mwa darasa la tatu, akaja mwalimu kuwachukua watoto wa kundi la wenye vipaji. Hakuita majina, aliinua kidole tu. Wakainuka. Nikawatazama walioinuka na waliobaki. Watoto wenyewe hawakushtuka, wameshazoea nani huinuka. Shule ile ilikuwa na 9 GreatSchools. Tumeiacha.

Tunakoelekea ni shule yenye namba 6 GreatSchools, ile yenye ukuaji wa juu, vyumba vya muda viwili tu, vyoo vina sabuni, na mwalimu wa Kiingereza kwa wageni ana chumba chake chenye ramani. Wifi hajanisamehe bado.

Kwa atakayefuata nyayo hizi: mipaka ya wilaya haifuati mipaka ya miji. Unaweza kuwa na anwani ya Houston na ukawa ndani ya wilaya ya Katy, yenye wanafunzi zaidi ya 90,000 na mitaa mipya inayoota kila msimu, na mitaa ikiongezeka mipaka ya kila shule huchorwa upya. Ramani za tovuti huchelewa kufuata. Kabla hujaweka saini kwenye mkataba wa pango, piga simu wilayani, wasomee namba ya nyumba na jina la barabara, uwaulize ni shule ipi mwaka huu na kama kuna pendekezo la kubadilisha mwakani.