Kidole au kalamu: kipi kinafaa kuchorea sura za watu kwenye simu?

Kwa gharama, kidole kinashinda: hakinunuliwi wala hakisahauliki nyumbani. Taabu huanza kwenye macho na kope, maana ncha yake inaficha palepale unapochora. Kuza picha, kisha washa kinyoosha mistari kilichomo kwenye ibisPaint, programu ya kuchorea. Jasho nalo hukwamisha, kwa hiyo futa kioo mara kwa mara.

Kalamu ya bei rahisi yenye ncha ya mpira haihisi mkandamizo, na mpira huchakaa ukachanika. Ile yenye kisahani angavu (kinachopitisha mwanga) kwenye ncha huonyesha mstari unapoangukia. Kwa nywele naipenda mno.

Kama ndiyo kwanza unajifunza uwiano wa uso, kidole kinatosha kabisa. Ukichora kila siku kwenye simu ndogo, tafuta kalamu ya kisahani, pamoja na visahani vya akiba.