Frankford Arsenal Perfect Seat: kinatibu nini, na nini hakitibu

Karibuni tena. Leo mezani ni Perfect Seat, kifaa cha mkono cha kupachika fataki, yaani kile kikombe kidogo kinachowasha baruti, kwenye maganda ya risasi. Video hii ni ya mlioko Marekani, ambako mtu anaruhusiwa kujijazia risasi zake. Uko Kenya au Tanzania na huna leseni? Tazama tu, usijaribu.

Boksi linakuja na vishikio 12 vya maganda na trei ya fataki. Kina cha fataki unakirekebisha kwa hatua ndogo ndogo, na hapo ndipo pesa yako ilipokwenda.

Sogea karibu uone. Ndani ya fataki kuna kemikali, na juu yake kifuawe, kipande kidogo cha chuma chenye miguu. Pini ya bastola ikigonga, kemikali inabanwa kwenye kifuawe, inawaka. Sasa miguu ile isipogusa chini ya shimo la fataki kwenye kitako cha ganda, pigo la kwanza linaishia kuisukuma fataki ikae vizuri. Risasi haitoki. Ukiipiga tena, inalia. Ukiona hivyo, usilaumu kiwanda cha fataki: mara nyingi hukuipachika mpaka mwisho. Lenga inchi 0.003 hadi 0.005 chini ya usawa wa kitako. Huna kipimo? Simamisha ganda juu ya kioo. Likiyumba, fataki imechomoza.

Leva yake inakupa hisia nzuri kidoleni. Ganda la kijeshi la 9mm lililobanwa mdomo wa shimo utalijua hapo hapo, maana mkono unagoma. Usilazimishe. Toa fataki, panua shimo kwanza, ndipo urudi. Miwani ya usalama muda wote, na ukimaliza nawa mikono. Fataki nyingi zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.

Ila kuna magonjwa ambayo kifaa hiki hakiyagusi. Tazama alama ya pini. Ikiwa hafifu na fataki imekaa sawa, kagua springi. Watu hulainisha triga kwa springi dhaifu, kisha wanatumia fataki ngumu, halafu wanashangaa. Kwenye rivolva za Smith & Wesson zenye skrubu ya springi mbele ya mpini, hakikisha haijalegea. Alama ikiwa ya kina na bado kimya, shuku unyevu au mafuta, hasa kama maganda yaliyooshwa kwa maji hayakukauka.

Kwa 9mm ongeza moja: ganda hilo linasimama kwenye chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kwa mdomo wake. Ukiubana kupita kiasi linazama mbele, pini inalifikia kwa shida. Toa mtutu, dondosha risasi ndani; itue kwa mlio safi na kitako kisizame.

Uwanjani, risasi ikigoma, mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha sekunde 30 kabla hujafungua. Nyingine huchelewa kuwaka. Ukisikia "pop" dhaifu bila teke, hiyo ni hatari zaidi: acha kabisa, toa risasi zote, angalia kama kichwa cha risasi kimekwama mtutuni. Na fataki iliyochomoza kwenye risasi iliyokwisha jazwa usiisukume tena. Fungua risasi hiyo kwa nyundo maalumu ya kutolea vichwa vya risasi.

Nakipendekeza kwa anayejaza kwa mafungu. Mwenye risasi za bastola za .45 ACP chambua maganda kwanza, kwa sababu yapo ya shimo kubwa la fataki na ya shimo dogo.