PlantNet na Mikoko ya Lamu: Majuma Matatu na Simu Topeni

Programu ya kwanza niliyoijaribu kwa ajili ya kujifunza mimea ilikuwa ya kulipia, na sitaitaja jina. Ilitoa jibu moja tu kwa kila picha, kama kadhi anayesoma hukumu, na mchu, aina mojawapo ya mikoko, nilioupiga picha upande wa kisiwa cha Manda ukaitwa mzeituni. Niliifuta siku hiyohiyo, nikaweka PlantNet, ambayo ni ya bure, imetengenezwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, na imekuwapo kwenye simu tangu mwaka 2013.

Hii hufanya kazi kwa utaratibu mwingine. Unapiga picha, unaonyesha kama ni jani, ua, tunda au gome, kisha picha yako hulinganishwa na nyingine nyingi zilizotumwa na watumiaji, na jibu huja kama orodha ya majina, kila jina na alama yake ya uwezekano na picha zake za kulinganishia. Kwa anayetaka kujifunza, orodha hiyo ina thamani kuliko jibu lenyewe, kwa sababu inakulazimisha uurudie mti na kuutazama upya. Miti ya mjini, kama mwarobaini, mkwaju na asumini za uani, haikunipa tabu yoyote.

Nilichokitaka hasa ni mikoko. Kenya ina aina 9 za mikoko, na zaidi ya nusu ya misitu yake imo Lamu, lakini wengi wetu tuliozaliwa humu, nikiwamo mimi, huiita yote kwa jina moja. Nilimwomba nahodha mmoja anipeleke kwa mashua hadi mkondo wa Mkanda asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Picha ya jani peke yake ilileta majina mawili yaliyokaribiana alama. Nilipoongeza ua lililoangukia ndani ya mashua, lenye nyuzi nyeupe kama brashi ya kunyolea, mlilana ukapanda juu ya orodha. Tangu hapo sipigi picha moja tu.

Mizizi ndiyo iliyonisumbua, kwani mabaharia huitambua mikoko kwa miguu yake: mchu huchomoza vijiti vyembamba mfano wa penseli, mlilana hutoa vigingi vinene, na mkoko wenyewe husimama juu ya matao. Niliipiga mizizi hiyo kama umbo la mti mzima, nayo ikasaidia kiasi. Nahodha, aliyekuwa akinitazama nikihangaika, alichuma jani la mchu na kusema, “Mwalimu, lirambe kwa chini.” Lilikuwa na chumvi tupu. Programu haina ulimi, na sidhani ni haki kuidai.

Mambo mawili ya kujiandaa nayo. Mtandao hukatika mara tu unapoingia ndani ya mikondo, kwa hiyo nilipiga picha zote kule na kuzipakia jioni nyumbani, jambo ambalo programu inaliruhusu. Pili, jina linalotangulia ni la kisayansi, basi daftari ni la lazima: Ceriops tagal nikaandika mkandaa, Bruguiera gymnorrhiza nikaandika muia, Xylocarpus granatum nikaandika mkomafi, na kando ya kila jina matumizi niliyoelezwa na nahodha, kuanzia boriti za dari hadi mataruma ya mashua. Bila yeye daftari lingebaki la Kilatini, na bila simu nisingejua kwamba ncha kali ya jani ndiyo inayoutofautisha mkoko na mkandaa, ambao jani lake ni la mviringo mwishoni.

Nitaendelea kuitumia, nami naipendekeza kwa walimu wenzangu. Nimeshazitambua aina 6. Zimebaki kikandaa, msikundazi na mkomafi dume, ambazo nahodha amesema tuzifuate kwenye bamvu, yaani maji makuu, mashua itakapoweza kuingia hadi nyuma ya msitu.