Mashuka ya pamba ya mtumba kwenye godoro la futi 5 kwa 6: uzoefu wangu hapa Tabora

Natumia mashuka sita kwa zamu, manne ya mtumba na mawili mapya ya dukani. Yote yameshapita kiangazi cha Tabora. Ninayoyapendekeza ni ya mtumba, mradi yawe pamba tupu na uwe umeyapima kabla ya kulipa.

Yale mapya yaliuzwa kwa jina la pamba. Nilichomoa uzi kwenye pindo nikauchoma kwa kiberiti: uliyeyuka, ukaacha kitonge kigumu cheusi. Hiyo ni poliesta. Pamba huwaka kama karatasi, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta hainyonyi jasho, kwa hiyo Oktoba shuka linanata mgongoni usiku kucha. Tena lilianza kuota vitonge vidogo pale miguu inaposugua. Inaniuma kuona hivyo katika mkoa wenye wakulima wa pamba, Igunga na Nzega.

Kwenye mtumba anza na lebo. Baumwolle ni Kijerumani, katoen Kiholanzi, coton Kifaransa. Yote ni pamba. Lebo ikiwa imekatwa, omba uzi mmoja uuchome. Kisha inua shuka juani utazame katikati. Pakipitisha mwanga kuliko pembeni, nyuzi zimelika kwa kulaliwa na hapo ndipo litakapochanika. Kama pembeni bado pazima, fundi anaweza kulipasua katikati kwa urefu, akaunganisha kingo mbili za nje, na sehemu iliyochakaa akaikunja iwe pindo. Mshono utausikia kidogo, lakini shuka litaendelea kufanya kazi.

Vipimo ndivyo vinavyowaumiza wengi. Godoro letu la 5 kwa 6 ni kama sentimita 152 kwa 183, wakati shuka la lastiki kutoka Ulaya mara nyingi ni 160 kwa 200. Upana unavumilika. Urefu unazidi kwa sentimita 17, na ziada hiyo yote hujikusanya miguuni. Mwambie fundi afumue kona mbili za miguuni, akate sentimita 15, mbili zibaki za mshono, kisha arudishie lastiki mpya. Usiogope kwamba litasinyaa, maana limeshafuliwa mara nyingi huko lilikotoka. Angalia pia kina cha kona: godoro la inchi 8 lina unene wa sentimita 20, hivyo kona iwe na 25 hivi, la sivyo itachomoka kila ukijigeuza.

Shuka la kawaida, lisilo na lastiki, chukua upana wa godoro, ongeza unene mara mbili, na sentimita 15 za kuchomeka kila upande. Kwangu inakuja 222 kwa 253, kwa hiyo 240 kwa 260 linatosha vizuri.

Kabla ya kulitandika, liloweke usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, lianike juani, lipige pasi pande zote.

Kwa muonekano, nyeupe inapendeza ila vumbi la kiangazi linaionea. Nimetulia na kijivu kisicho na maua, na foronya za kitenge. Kitenge kifue peke yake kwanza, kisha ukisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikitoka na rangi, fua tena kabla hujakipeleka kwa fundi.