App ya CV: PDF itoke kwenye brauza ya mtu au kwenye seva yako?

Ukijenga app ya CV kazi ngumu sio fomu, ni pale mtu anapobonyeza Pakua. Njia ya kwanza unaiachia brauza yake, unaita window.print(), amri ya JavaScript inayofungua dirisha la kuchapisha, anahifadhi kama PDF, basi, hulipii kitu na data zake haziondoki kwenye simu yake, hilo mi nalipenda sana maana CV ina namba, anwani, mpaka simu za wadhamini. Shida kila brauza ina mambo yake, huyu anawekewa tarehe na linki juu ya karatasi, yule rangi za nyuma hazitoki, na wa kwenye simu ndo anapotea kabisa hajui abonyeze wapi.

Ya pili ni Puppeteer, maktaba ya kuendesha Chrome kwa kodi, Chrome inakaa kwenye seva inachora ukurasa inakurudishia PDF ya A4, milimita 210 kwa 297, ileile kwa kila mtu. Ila inakula RAM balaa, kwenye seva ya MB 512 watu wachache wakipakua pamoja inaweza kuzima. Bado mi naichagua hii, halafu kila kipande cha uzoefu wa kazi nakiwekea break-inside: avoid, kanuni ya CSS inayozuia kipande kukatwa katikati ya kurasa mbili, ili cheo kisibaki chini ya ukurasa wa kwanza na maelezo yamehamia wa pili.

Ila jamani, yoyote utakayochukua, usipige ukurasa picha kwa html2canvas ukaibandika kwenye PDF, maandishi yanageuka picha, na mfumo wa mwajiri unaochuja CV unaweza usisome hata jina la mtu.